Kati ya Dawa na Uji

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kurudi ukurasa wa kwanza. Kila nilipopotea ndani ya kitabu, na nilipotea kila siku, nilikifunga nikakifungua upya mwanzo kabisa, pale ambapo familia ya kwenye hadithi imekaa mezani inakunywa chai na kumsubiri mgeni. Niliwasoma wale watu wakinywa chai ile mpaka kurasa zikawa laini kama kitambaa kilichofuliwa sana. Mbele ya hapo kitabu kilikuwa kipya, kurasa nyingine bado zimegandana. Nilidhani nafanya vizuri. Nilidhani mtu makini hasogei mbele kabla hajashika kila kitu cha nyuma. Nilikuwa mgonjwa wa TB iliyoingia kichwani, na nilikuwa nimeamua, bila kumwambia mtu, kwamba siku nitakayoisoma sura ya kwanza nikaikumbuka yote ndiyo siku nitakayokuwa nimepona.

Nayaandika haya kwa wanaorudi nyumbani kutoka hospitali na kichwa ambacho si kile walichoondoka nacho, na kwa wanaowauguza, ambao wana kazi ngumu zaidi. Mambo ya kitabibu sitayaeleza. Muulizeni daktari. Mimi hata nilipoelezwa nilishika nusu, na ile nusu nimeichanganya.

Kabla ya kuugua nilikuwa fundi simu Same mjini, kwenye kibanda karibu na stendi. Shule niliishia kidato cha pili. Mengine nilijifundisha mwenyewe, ufundi kwa kufungua simu zilizokufa, Kiingereza kwa kusoma maelekezo ya vifaa. Mtu aliyejifundisha ana shida yake: hajawahi kupata mtu wa kumwambia kwamba sasa inatosha. Nilikuwa namaliza simu ya mteja, naifunga, halafu naifungua tena kwa sababu kuna skurubu moja sikuiamini. Wateja walinisifu kwa umakini. Hawakujua kwamba nikifika nyumbani nilikuwa bado naiwaza ile skurubu.

Kichwa kilianza kuuma mwishoni mwa kiangazi, wakati ambapo upepo wa Same unaleta vumbi mpaka unalitafuna pamoja na wali. Majira yale kila mtu anaumwa kichwa. Nilimeza dawa za maumivu. Nikanunua miwani ya mtumba nikidhani ni macho. Nikapima malaria, haikuonekana, nikatumia dawa ya malaria hivyo hivyo. Siku moja mteja alikuja kuchukua simu yake, nikampa bisibisi. Akacheka, akanirudishia. Nikampa tena.

Hapo pana pengo. Yaliyofuata nayajua kwa kusimuliwa, na hata wasimuliaji hawakubaliani. Dada yangu Nakunda, ambaye ni fundi cherehani huko Makanya, anasema alinikuta chumbani nimekaa sakafuni nikijaribu kuvaa shati miguuni. Baba anasema nilikuwa kitandani nikiimba. Nimewauliza mara nyingi ni lipi lilitangulia, wanabishana. Mimi niliyekuwepo ndiye nisiyejua.

Kumbukumbu ya kwanza ninayoiamini ni ya mguu wa mtu mwingine. Kitanda cha jirani, wodini, mguu ulionyooka nje ya shuka na soksi moja ya kijani. Niliutazama kwa muda mrefu nikidhani ni wangu, nikawa najaribu kuuchezesha, ukawa haunisikii. Nikalia. Nakunda akainama akaniuliza, "Elia, mimi nani?"

"Mwalimu."

"Mwalimu wa nini?"

"Wa cherehani."

Akacheka huku machozi yanatoka, akamwambia muuguzi, "Angalau cherehani ameipata."

Tulikuwa tumeshapelekwa hospitali ya rufaa. Walinichoma sindano mgongoni wakatoa maji, hilo nalikumbuka kwa mgongo wenyewe, si kwa kichwa. Dawa zilianza. Kulikuwa na vidonge vya kupunguza uvimbe vilivyonipa njaa ya ajabu na kunivimbisha mashavu mpaka macho yakawa madogo. Vingine viligeuza mkojo wangu ukawa rangi ya soda ya chungwa, na hakuna aliyekuwa amemwonya Baba. Tuliporudi kijijini kwetu, juu milimani, alinifuata chooni siku ya kwanza kuniangalia nisianguke, akauona, akaita nyumba nzima. Mama kwa upande wake alinipokea kwa furaha. "Kumbe huko wanalisha," alisema, akinishika mashavu. Nakunda alimweleza kwamba ule si unene ni dawa. Mama akasema hata kama ni dawa, acha ikae.

Miguu ilikuwa inawaka moto chini ya nyayo. Nilitembea nikishika ukuta. Lakini hayo ya mwili niliyavumilia, kwa sababu mwili nilikuwa sijawahi kuutegemea sana. Nilichokitegemea kilikuwa kichwa, na kichwa kilikuwa kama kibanda kilichovunjwa: vitu vyote vimo, lakini vimemwagwa chini. Nilikuwa na neno "kijiko" na nilikuwa na kijiko mkononi, na viwili hivyo havikuwa vimetambulishana.

Baba akaanza kunipima. Alifanya kwa upendo, leo najua. Kila asubuhi alisimama mlangoni: "Elia, leo siku gani? Tuna mbuzi wangapi? Jina la babu yako?" Nikipata alishusha pumzi. Nikikosa alitazama nje. Alikuwa amesema wazi, mbele ya Mama na Nakunda, kwamba sitarudi Same kuishi peke yangu mpaka kichwa kitulie. Mtu anayempa mteja bisibisi mara mbili anaweza kesho kuwasha jiko na kulisahau. Kibanda kilikuwa kimefungwa, na kila nilichokuwa nimekijenga bila cheti kilikuwa nyuma ya lile kufuli.

Muuguzi aliyeturuhusu alikuwa amesema nisome kidogo kila siku, kwamba kichwa kikilala sana kinasinyaa kama mguu. Nakunda akaenda kwenye ofisi ya usharika wetu wa kanisa, ambako kuna rafu ya vitabu visivyoazimwa na mtu, akarudi na viwili vyembamba na kimoja kinene. Kile kinene, alisema, kilikuwa kimewekwa kushikilia dirisha lisijifunge. Ilikuwa riwaya ya zamani, iliyotafsiriwa kutoka nchi ya baridi, yenye familia kubwa na kinu cha nafaka na mapenzi mengi yasiyoenda sawa.

"Anza na hiki cha ufugaji wa nyuki," Nakunda alisema. "Kina picha."

"Mimi si mtoto."

"Na nyuki si watoto pia."

Nikachukua kinene. Nilikuwa nimesikia siku zote kwamba watu waliosoma kweli wamesoma vitabu virefu vya kale, na mimi sikuwa nimesoma hata kimoja. Ilikuwa aibu yangu ya siri. Nikaona hapa nitaua ndege wawili: nitapona, na nitakapopona nitakuwa msomi.

Basi nikaanza. Nikasoma familia imekaa mezani. Nikageuza ukurasa, mtu mmoja akasema neno, nikawa simjui ni nani. Nikarudi mwanzo. Kesho yake nikaanza tena kuhakikisha ya jana yapo. Hayakuwepo. Nikarudi mwanzo. Vuli ikanyesha ikaisha, mimi na wale watu tuko mezani.

Kila mwezi tulishuka Same kliniki kuchukua dawa. Wagonjwa wa TB hukalishwa nje, kwenye benchi la barazani ambako upepo unapita, kila mtu na barakoa yake, kwa hiyo unamjua mwenzako kwa macho na kikohozi. Huko ndiko nilikokutana na Mama Zuhura, mfanyabiashara wa samaki kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu, mwanamke mwembamba mwenye sauti isiyolingana na mwili wake. Alikuwa anaumwa kifua. Aliniona nimeshika kile kitabu.

"Shikamoo," nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Hiyo ni Biblia?"

"Hapana mama, hadithi."

"Hadithi yote hiyo! Inahusu nini?"

Nikamwambia kuna familia imekaa mezani, wanakunywa chai, wanamsubiri mgeni.

"Enhe. Mgeni kaja?"

"Sijafika huko."

Mwezi uliofuata hakuniuliza hali. "Mgeni kaja?"

"Bado."

"Kachelewa," alisema, akawa na wasiwasi wa kweli.

Mara ya tatu au ya nne, sikumbuki, benchi lilikuwa limejaa na wengine walikuwa wanamjua mgeni wetu kwa kusimuliwa na yeye. Nikasema bado. Mama Zuhura akapiga kofi pajani. "Huyo mgeni anakuja kwa miguu kutoka Kongo? Chai si imeota ukungu! Nyie Wapare bwana. Kesi ya kuku inakula ng'ombe, na kikombe cha chai kinakula mwaka."

Benchi zima lilicheka ndani ya barakoa. Hata Nakunda alicheka. Mimi pia nilicheka, halafu nikaenda nyuma ya jengo, nikasimama kwenye jua. Nilikuwa nimeelewa kwamba niko palepale. Ila sikuelewa nifanye nini. Nilichofikiri ni kwamba nahitaji kurudia kwa umakini zaidi.

Masika yalikuja na barabara yetu ya mlimani ikawa matope, bodaboda wakawa wanakataa kupanda. Tulikaa ndani tukitazamana. Siku moja mchungaji alitutembelea kwa mguu, akiwa ameshika viatu mkononi, na Baba, pengine kwa kutaka kumwonyesha maendeleo yangu, akaniuliza mbele yake, "Elia, huyu anaitwa nani?"

Nilimjua. Ndiye aliyenipa kipaimara. Jina lake lilikuwa mahali fulani nyuma ya meno yangu. Nililisukuma, halikutoka. Mchungaji akasema haraka, "Haina shida, haina shida," akaanza kuzungumzia mahindi. Baba alimsindikiza mpaka njiani. Aliporudi hakusema kitu kuhusu Same. Hakuhitaji.

Kuanzia hapo nilisoma kama mtu anayetoboa ukuta. Nilianza kabla jua halijatoka, sikula wakati wa kula. Mama aliniletea makande akayaweka pembeni, yakapoa, akayachukua akayapasha, akayarudisha. Aliponigusa bega nilimfokea. "Unanitoa nilipokuwa!"

Aliyejibu ni Nakunda, kutoka mlangoni, akiwa na beseni la nguo.

"Ulipokuwa wapi, Elia? Uko palepale tangu vuli! Mimi cherehani yangu imefunikwa shuka Makanya, wateja wamehama, Mama anapasha chakula mara tatu, na wewe unatuambia tunakutoa ulipokuwa!"

Nikasema sijui nini. Nikasema hawanielewi. Ni maneno ambayo kila mgonjwa huyasema, na yana ukweli, lakini hayakuwa ukweli wote. Nilikuwa naogopa kugeuza ukurasa. Kwenye sura ya kwanza nilikuwa na hakika walau ya chai.

Nitaeleza sasa habari ya maji, kwa sababu ndiko nilikogeuka, japo siwezi kusema nilijua nageuka.

Kwetu, masika yakipita, maharage humaliziwa kwa maji ya ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe, la wazee wa zamani, ambalo linakusanya maji ya kijito usiku kucha na kufunguliwa alfajiri. Maji yanashuka kwa mfereji, na kila nyumba ina zamu yake. Zamu ikiisha unafunga, hata kama shamba halijaisha, na mwenzako anafungua kwake. Zamu yako ikirudi unaendelea.

Miguu yangu ilikuwa imepata nafuu wakati wa kipupwe, na Nakunda akasema nimsaidie. Yeye alishuka chini kabisa ya shamba kusafisha vijifereji. Mimi niliachwa juu na jembe, kazi yangu ikiwa kuyaongoza maji yapite moja kwa moja mpaka katikati, ambako yaliishia zamu iliyotangulia.

Maji yakaja. Nikatazama matuta ya kwanza, ya juu kabisa, yaliyonyweshwa zamu ile iliyopita. Tuta moja lilikuwa na kona iliyopauka. Halikunywa vizuri, niliona. Nikatoboa ukingo kidogo, nikalipa maji. La pili nalo nikalitilia shaka. Nikalipa. Nilikuwa nafanya kazi safi, nakumbuka nilijisikia vizuri kuliko siku nyingi, nikisawazisha udongo kwa mkono ili kila shina lipate sawa. Jirani yetu Baba Tumaini, mwenye zamu iliyofuata, alikuwa amekaa ukingoni na jembe lake akisubiri. Akanitazama, akatazama chini, akaita kwa sauti.

"Nakunda! Huyu ndugu yako ananywesha maharage ya juzi!"

Nakunda akapanda mbio, matope hadi magotini. "Maji yako wapi?"

"Hili tuta halikupata vizuri."

"Lilipata juzi! Maji yanaanzia yalipoishia. Hata mtoto wa hapa anajua."

"Lakini kona hii..."

"Kona! Kule chini majani yamejikunja, Elia. Ukirudi juu kila zamu, kule chini tutavuna nini?"

Nikaanza kuziba niliyoyatoboa, lakini zamu ilikuwa imeisha. Baba Tumaini alisimama. Alitusikitikia, nadhani, lakini sheria ya mfereji haina pole. Akazuia maji yetu akayageuza kwake. Nilimtazama kwa sababu sikuweza kumtazama Nakunda. Alishuka moja kwa moja mpaka katikati ya shamba lake, penye mstari ambapo udongo mweusi uliolowa unakutana na udongo mweupe mkavu, akafungua hapo. Hata hakugeuza kichwa kutazama ya juu.

Kule chini kwetu tulipoteza mistari kadhaa ya maharage. Hakuna aliyenilaumu tena. Hilo lilikuwa baya zaidi.

Sijui hasa ni lini niliunganisha mambo haya mawili. Ningependa kusema ni palepale mferejini, lakini nadhani zilipita siku. Ninachokumbuka ni asubuhi moja baada ya kumeza dawa. Dawa zile unazimeza tumbo tupu, halafu unasubiri kabla ya kula. Mama alikuwa anakoroga uji jikoni. Nikachukua kitabu, nikakifungua pale kilipokuwa kimeachwa jana, katikati ya mazungumzo, bila kujua nani anazungumza. Nilijiona kama naiba. Nikasoma mbele. Nilikuwa sielewi kitu. Mtu alimpa mtu barua, mwingine akafunga mlango. Mama akaita, "Uji!" Nikafunga kitabu katikati ya sentensi, nikaenda kunywa.

Hiyo ikawa zamu yangu. Inaanza dawa ikimezwa, inaisha Mama akiita. Haikujali kama nimeelewa. Kuna asubuhi uji uliwahi nikapata ukurasa mmoja. Kuna asubuhi kuni zilikuwa mbichi, nikapata sura nzima.

Usidhani mambo yalinyooka. Nilisoma kama mtu anayepita kwenye ukungu wa huku kwetu, unaona mti ukiufikia tu. Kuna mjomba kwenye kile kitabu niliyeamini amekufa, nikamhuzunikia, halafu akatokea kwenye harusi akila. Nikakaa nimeshika kitabu nisijue nani amekosea, mimi au mwandishi. Zamani ningerudi nyuma kumtafuta. Nikaendelea, na mjomba akaendelea kula. Majina yao marefu yalinishinda, nikawapa ya kwetu. Mwenye kinu nikamwita Baba Tumaini. Binti mkubwa mwenye hasira nikamwita Nakunda.

"Kwa nini mimi ndiye mwenye hasira?" Nakunda aliuliza.

"Ndiye anayeendesha nyumba yote."

"Ameolewa?"

"Bado. Anawakataa."

"Vizuri. Endelea."

Kliniki iliyofuata Mama Zuhura aliniona kwa mbali. Hakuwa ameuliza tena tangu siku ile ya kicheko, nafikiri Nakunda alikuwa amemnong'oneza. Nikakaa. Nikamwambia mgeni amekuja.

"Acha! Lini?"

"Zamani. Na ameshaondoka, na ameacha mtu na mimba."

"Mungu wangu! Nani?"

Hapo nikakwama. Nikamwambia kweli kwamba sina hakika. Ndugu ni wengi, nawachanganya, hata huyo mwenye mimba siwezi kuapa ni mdogo au wa kati. Nilimwambia kwa aibu, nikitegemea kicheko. Akashusha barakoa kidogo akajikuna pua.

"Mimi nilipoolewa Nyumba ya Mungu," alisema, "nilikuta nyumba imejaa mawifi na mashemeji na watoto wa watu nisiojua wa nani. Mwaka mzima namwita shemeji jina la baba yake. Nikawa napika tu. Wewe ukioa utawahoji wote kwanza ndio uingie ndani?"

Nakunda akasema, "Huyu? Atawahoji."

Wakacheka wote wawili, na safari hii sikwenda nyuma ya jengo.

Mama Zuhura alimaliza dozi yake kabla yangu. Siku yake ya mwisho alikuja na samaki wakavu amewafunga kwenye mfuko, akampa Nakunda, akaniambia nisimwambie mwisho wa hadithi hata tukikutana, kwa sababu wale watu ameshawazoea. Sijamwona tena. Miezi iliyobaki benchi lilikuwa refu.

Kichwa kilirudi bila utaratibu. Jina la mchungaji lilinijia nikiwa nakata majani ya mbuzi, nikalitamka kwa kelele huko mlimani. Lakini wiki ileile nilisahau njia ya kwenda kwa shangazi, njia ya maisha yangu yote. Kitabu nacho hakikuthibitisha kitu. Siku ambazo nilisoma vizuri si lazima ziwe zile nilizoamka vizuri, na kinyume chake. Nilijaribu kutafuta mpangilio, nikashindwa. Labda haupo.

Mashavu yalipungua. Miguu ilizimika moto. Vuli ilikuwa inakaribia tena nilipopangiwa kliniki ya mwisho, na safari hii Baba alisema atashuka na mimi. Nilijua anakuja kusikia hukumu. Alivaa koti la kanisani.

Daktari alisoma faili, akanigongagonga magoti, akaniambia nifuate kidole chake kwa macho. Kisha akaniuliza jina langu, na mahali tulipo, nikajibu. "Leo tarehe ngapi?"

Nikatafuta. Nikataja tarehe.

"Hiyo ilikuwa juzi," daktari alisema, akaandika.

Nikasubiri ule mporomoko ndani ya kifua ambao ulikuwa unakuja kila mara. Ulikuja, lakini mdogo. Nikasema, "Basi nimekosa. Ni ipi?" Akanitajia. Akamaliza kuandika, akasema dozi imekwisha, nirudi baada ya miezi michache aniangalie, na nikiona kichwa kinauma vile tena nisingoje. Kwa kuishi peke yangu, alimwambia Baba, hana kipingamizi. Baba aliitikia kwa kichwa, kwa heshima.

Tulitoka tukakaa kwenye benchi letu la barazani, ambalo Baba hakuwahi kulikalia. Alivua kofia, akaivaa tena.

"Alipokuuliza tarehe," alisema, "na mimi niliitafuta."

"Ukaipata?"

"Sikuipata." Akatazama watu waliokuwa wanapanga foleni na kadi zao. "Nilikuwa na hiyo hiyo yako."

Sikujua kama nicheke. Nakunda, aliyekuwa ameleta maji, alicheka kwa niaba yetu.

"Funguo za kibanda ziko kwa mama yako," Baba alisema. "Ukishuka, shuka na godoro lile jipya. La zamani limeliwa na panya."

Sasa ni hivi. Naishi Same, kwenye chumba kingine. Nakunda amerudi Makanya kwenye cherehani yake. Kwenye kila simu ya mteja nafunga karatasi yenye jina, maana namba na sura bado vinanitoka, na jioni nachoka mapema kuliko wenzangu. Sinywi dawa tena, lakini nikiamka najitengenezea uji, na mpaka uchemke nasoma kitabu kirefu cha zamani. Kile cha kwanza nilikimaliza asubuhi ya kawaida, mambo mengi ndani yake sijayaelewa mpaka leo, nikakirudisha usharika nikachukua kingine. Nasoma kuanzia nilipoishia jana. Sijui kama akili yangu imerudi yote. Nimeacha kuipima.